Ndege Iliyoonyesha Mgongo

Nchi ya Usoni haimo katika ramani nilizokuwa nikiwatundikia wanafunzi wangu ukutani, na sasa baada ya kuiona naamini waliozichora ramani hizo walikuwa watu wenye huruma.

Niliitwa huko kwa makosa. Maabara ya Taifa ya Anga ya Usoni iliomba profesa wa kigeni aje kuishuhudia kazi yake, maana Wausoni hawaamini kilichotengenezwa na mikono yao mpaka mtu wa nje akiitikie kwa kichwa. Wizara yetu haikuwa na profesa wa kumwachilia. Ikanituma mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, kwa kuwa nilikuwa na pasipoti na sikuwa na shughuli. Nilipofika niliwaeleza waziwazi kwamba mimi si profesa. Wakacheka na kusema maprofesa wakubwa ndivyo wanavyojisema.

Hakuna jambo la Usoni linaloeleweka bila kuijua kwanza Sheria ya Mgongo. Katika nchi ile ni marufuku kumwonyesha mgongo mtu aliyekuzidi cheo. Karani akitoka ofisini kwa bosi wake hutoka kinyumenyume, akipapasa kitasa kwa mkono wa nyuma. Nguo za sherehe hushonwa kwa hariri kifuani na kwa gunia mgongoni, na nyumba hupakwa rangi upande wa mbele tu. Kwa vile dereva anayeketi mbele angempa mkubwa wake kisogo, wakubwa hushika usukani wenyewe na dereva huketi nyuma, akitoa ushauri kwa unyenyekevu. Wengi wa wakubwa hao hawajui kuendesha. Ndiyo maana hospitali ya mifupa ni jengo la pili kwa ukubwa katika mji mkuu, likitanguliwa na Maabara peke yake. Nilitembelea pia shule moja, nikamkuta mwalimu ameshindwa kuandika ubaoni kwa sababu mkaguzi alikuwa ameketi kwenye dawati la mbele. Alifundisha hesabu za sehemu kwa mdomo mtupu, jasho likimtiririka, watoto wakimkodolea macho bila kuelewa kitu. Mkaguzi alimsifu sana kwa adabu yake.

Sheria hiyo ina kipengele cha pili. Mtu akimpa mkubwa mgongo, kwa makusudi au kwa kuteleza, wote waliopo, pamoja na mkubwa mwenyewe, hufumba macho mpaka mkosaji ageuke. Wanasema anayelitazama tusi amelikubali. Niliona jambo hilo siku yangu ya kwanza: mhudumu aliinama kuokota kijiko mbele ya mgeni wa heshima, na ukumbi mzima ukafumba macho hadi alipoinuka na kugeuka. Mimi peke yangu nilibaki nikitazama, kwani wageni hawafungwi na sheria hiyo.

"Mgeni hana adabu ya kupoteza," aliniambia karani wa mapokezi, bila nia mbaya.

Nikamuuliza itakuwaje mkosaji asipogeuka. Hakulielewa swali. Nilipolirudia alisema kwamba kila mtu hugeuka, kwa sababu haiwezekani mtu asigeuke, kisha akanipa ufunguo wa chumba changu.

Maabara yenyewe inavutia macho, ukiitazama kwa mbele. Fahari yake kuu ni handaki la upepo: bomba la chuma lenye upana wa kuingiza basi, na feni kubwa kwenye mwisho mmoja. Ndani hutundikwa mfano mdogo wa ndege, feni huwashwa, na mishale ya vipimo huonyesha jinsi upepo unavyoishughulikia. Badala ya ndege kuufuata upepo, ndege huletewa upepo. Nimewafundisha watoto jambo hilo kwa pangaboi na kipande cha karatasi, kwa hiyo niliona kasoro mara tu nilipochungulia kwenye kioo. Pua ya ndege haikuelekea kwenye feni. Mkia ndio ulioelekea huko.

Mhandisi wa handaki aliitwa Siwatu, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye tangu siku ile alikuwa mtu pekee katika Usoni nzima aliyeniita Mwalimu.

"Bi Siwatu," nilimwambia, "ndege yenu inaruka kinyumenyume."

"Feni iko huku," alijibu. "Jukwaa la Mheshimiwa Waziri liko kule. Ikitazama feni itampa Waziri mkia."

"Lakini Waziri hayupo."

"Kiti chake kipo."

Nilitazama. Kweli, nyuma ya kioo cha upande wa pili kulikuwa na kiti cha velveti nyekundu, kitupu, kikitutazama.

Ingekuwa ni ujinga wa siku moja ningecheka na kusamehe. Lakini walikuwa wameupima upepo kwa namna ile tangu handaki lijengwe, na juu ya vipimo vile walikuwa wamejenga elimu nzima. Upepo unaokuja kwa mbele wanauita upepo wa upinzani, na mwongozo wa Maabara unasema upepo wa aina hiyo haupatikani Usoni. Walichokigundua wao ni kwamba hewa ya nchi yao haizuii ndege, inaisukuma. Watu walikuwa wamepata udaktari kwa ugunduzi huo. Na kwa kuwa hewa inasaidia, ndege yao ya kwanza, waliyoiita Kipanga, walikuwa wameifunga injini ambayo huko kwetu ingetosha kuendesha mashine ya kusaga mahindi.

"Mataifa mengine bado yanahangaika na injini kubwakubwa," Mkurugenzi wa Maabara, Dakta Mwinyikai, aliniambia huku akinimiminia chai. Alikuwa mzee mpole mwenye mikono laini. "Sisi tumelivuka hilo."

Nilihudhuria mjadala wa baraza lao la wataalamu, nikapendekeza jambo dogo: jukwaa lihamishiwe upande wa feni, ili ndege imtazame Waziri na upepo kwa pamoja. Wakatazamana, nikadhani nimewasaidia. Kisha mmoja akasema jukwaa likihamishwa, Waziri ataipa mgongo picha ya Mwasisi wa Taifa iliyoko ukutani. Mwingine akasema picha nayo ihamishwe. Wa tatu akauliza nani ataiteremsha picha ya Mwasisi bila kumgeuzia mgongo wakati wa kushuka ngazi. Hapo mjadala ukachangamka, wakabishana hadi jioni kuhusu ngazi, kwa akili kali na maneno mazuri, na sijapata kuona akili nyingi namna ile zikipotezwa mahali pamoja. Neno upepo halikutajwa tena.

Baada ya watu kutoka, kila mmoja kinyumenyume, Siwatu alinisubiri kwenye korido.

"Kipanga itarushwa Sikukuu ya Taifa," alisema. "Rubani ni Makame. Ni mdogo wangu, Mwalimu. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Nilimlea mimi, nilimbeba mgongoni mpaka akaanza kuona haya mbele ya wenzake."

Kumbe ndilo lililokuwa likimla siku zote. Aliniomba nimsaidie kuigeuza ndege ya mfano mara moja tu, wakati wenzake wamekwenda kula. Yeye kama Mhandisi angekuwa ametenda kosa, lakini mimi ni mgeni, sina adabu ya kupoteza. Nilikubali kabla hajamaliza.

Kazi haikuwa ngumu: makomeo mawili, msukumo mmoja, na pua ikaelekea kwenye feni kwa mara ya kwanza tangu handaki lile liwepo. Mkia ukakielekea kiti cha velveti. Siwatu aliwasha feni, halafu akafumba macho.

"Unafanya nini?" nilimuuliza kwa sauti kubwa, maana feni ilikuwa ikinguruma.

"Nisomee vipimo," alisema.

"Fumbua macho usome mwenyewe! Ni kiti kitupu!"

"Nisomee, Mwalimu. Tafadhali."

Nilimsomea. Alisimama mbele ya vyombo vyake mwenyewe, mikono imeshikana tumboni, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayeogopa sindano, na kila namba niliyoitaja ilimwingia usoni. Mara mbili aliniambia nirudie. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani. Tulipoirudisha ndege mahali pake akafumbua macho, akaniambia kwa utulivu kilichomo katika namba zile. Siku ya sikukuu jukwaa litawekwa upande wa magharibi wa uwanja, na Kipanga itakimbia kuelekea jukwaani ili isimpe mkia Mkuu wa Nchi. Upepo wa msimu ule hutoka mashariki. Ndege yenye injini ile, ikikimbia huku upepo ukiwa nyuma yake na uwanja ukipanda, haitanyanyuka. Itafika mwisho wa uwanja ikiwa bado ardhini, kwa kasi yake yote, na mbele yake kuna ukuta wa mawe.

Tulikwenda wote wawili kwa Dakta Mwinyikai. Nilijitayarisha kwa ubishi, kwa vitisho, kwa kufukuzwa. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa, akasema:

"Tunajua, mwanangu."

Siwatu akamtazama bila kuelewa.

"Wote tunajua. Mimi nilijua mwaka wa kwanza. Mnadhani hatukusoma? Lakini tukisema leo kwamba ndege ilikuwa imegeuzwa, tutakuwa tumesema mawaziri wote waliokaa kwenye kile kiti walikuwa wakitazama upuuzi na kupiga makofi. Nani atakayelisema hilo? Wewe?" Akamsogezea Siwatu kikombe cha chai. "Nakupenda kama binti yangu. Nitamwondoa Makame. Tutasema anaumwa. Kuna rubani mwingine."

Nakiri kwamba kwa muda kidogo nilitamani akubali.

"Huyo mwingine naye si ana dada?" Siwatu aliuliza.

Tukatoka, Siwatu kinyumenyume kama kawaida, mimi nikatoka kwa mbele na kuufunga mlango kwa kishindo. Hiyo ndiyo siasa yote niliyoifanya Usoni.

Makame tulimkuta kwenye banda la ndege akiipangusa Kipanga vumbi. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, na dada yake alipomweleza alianza kwa kutania.

"Dada, kwa hiyo miaka yote hii mmekuwa mkipima jinsi ya kurudi nyuma?"

"Usicheke, Makame. Usiirushe. Sema mguu unauma."

"Halafu airushe nani?"

Siwatu akaanza kulia, na ni mara pekee niliyomwona akilia. Makame akaacha mzaha. Alimuuliza mambo mawili matatu: upepo una nguvu kiasi gani saa ile ya asubuhi, uwanja unateremka vipi upande wa mashariki, na injini ile ingeweza nini kama upepo ungekuwa mbele. Dada yake alimjibu huku akijifuta macho, kwa ufasaha, kwa sababu hakuweza kujibu swali la kazi yake kwa namna nyingine. Sidhani kama alijua alichokuwa akimpa. Mimi nilishuku, nikanyamaza.

Siku ya Sikukuu uwanja ulijaa. Mkuu wa Nchi aliketi jukwaani, nyuma yake mawaziri, nyuma ya mawaziri Maabara nzima. Mimi niliketi pembeni, karibu na Siwatu, kama shahidi. Kipanga ilitolewa bandani, ikasukumwa hadi mashariki, ikageuzwa kulitazama jukwaa. Bendi ikapiga. Injini ikawaka kwa sauti nyembamba. Ndege ikaanza kutambaa kutujia, watu wakashangilia, halafu ilipotukaribia ikapunguza mwendo, ikasimama, na taratibu, mbele ya taifa zima, ikageuka ikampa Mkuu wa Nchi mkia.

Makelele yakakatika. Nilipotazama kushoto na kulia niliona maelfu ya watu wamefumba macho. Mkuu wa Nchi alikuwa amefumba. Dakta Mwinyikai alikuwa amefumba. Siwatu naye alikuwa amefumba, midomo ikimcheza.

Kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeiona. Kipanga ilikimbia mteremkoni ikiukabili upepo, ikaruka kidogo, ikagusa ardhi, ikaruka tena na isirudi chini. Ilipanda kufikia urefu wa minazi miwili. Ikazunguka polepole juu ya bonde lililo chini ya uwanja, jua likipiga mbawa zake, na mimi mzee mzima nikajikuta nimesimama napiga kelele za furaha, nikimvuta Siwatu mkono: "Inaruka! Fumbua macho, inaruka! Kazi yako inaruka!" Hakufumbua. Machozi yalimtoka kupitia kope zilizofungwa. Ndege ilitua, ikageuka, ikaelekeza pua jukwaani, na taifa likafumbua macho likaona ndege imesimama pale ilipokuwa.

Makame alikamatwa kabla pangaboi halijaacha kuzunguka.

Kesi ilisikilizwa asubuhi iliyofuata katika ukumbi ulio kando ya uwanja. Niliitwa kutoa ushahidi.

"Uliona nini?" Jaji aliniuliza.

"Niliona ndege ikiruka, Mheshimiwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Jukwaani, pamoja nanyi."

"Basi uliiona kwa nyuma."

"Ndiyo, kwa nyuma. Ilikuwa inaruka."

"Kinachoonekana kwa nyuma ni tusi," Jaji alisema, akamgeukia karani. "Andika kwamba shahidi aliona tusi likipaa."

Halafu akatoa hukumu, na ninaamini kabisa kwamba aliiona ni hukumu ya huruma. Alisema mahakama haimchukii kijana. Haitamfunga wala kumvua kazi yake. Ila, kwa kuwa taifa bado halijaiona ndege yake ikiruka, mshtakiwa atairudia safari hiyo siku ile ile alasiri kwa adabu: akilitazama jukwaa, upepo ukiwa nyuma yake, kama vipimo vya Maabara vinavyoelekeza. Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Makame alisimama kizimbani bila kofia. Kwa mara ya kwanza niliona ana hofu, na alikuwa kijana sana.

"Mhandisi wa handaki asimame," Jaji aliendelea. "Sheria inataka uthibitisho wako. Je, kwa vipimo vyako, ndege itaruka?"

Siwatu akaenda mbele, akasimama kati ya Jaji na kizimba. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona Dakta Mwinyikai akimsihi kwa macho. Alimtazama Jaji kwa muda, halafu akafunga mdomo, akageuka. Hakuteleza wala hakuinama kuokota kitu. Aligeuka kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake, na mgongo wake wote, wenye koti jeupe lililochakaa upande huo, ukamwelekea Jaji.

Ukumbi mzima ukafumba macho. Jaji, makarani, askari wa mlangoni, Mkurugenzi. Wakangoja ageuke, kama kila mtu anavyogeuka.

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yakimtazama mdogo wake, naye akamwonyesha mlango kwa kidevu. Makame akatikisa kichwa kukataa. Siwatu akaniangalia mimi. Nilikwenda kizimbani, nikamshika kijana mkono, nikamvuta. Tulipompita, Siwatu aligusa shavu la Makame kwa nyuma ya vidole, hakusema kitu, maana kulikuwa na watu wanaosikia.

"Geuka," Jaji alisema, macho yamefumbwa.

Tulipita katikati ya askari wawili waliofumba macho, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao.

"Mhandisi, geuka." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa ya mtu anayeomba.

Nje jua lilikuwa kali. Mpaka wa Usoni ni mgongo wa kilima ulio nyuma ya uwanja wa ndege, upande ambao hawaupaki rangi wala kuulinda. Tulitembea bila kukimbia. Tukiwa katikati ya kilima Makame akasimama, akatazama barabara nyeupe inayotoka ukumbini. Hakukuwa na mtu juu yake.

"Bado amesimama," alisema.

"Ndiyo."

"Nirudi, Mwalimu. Siwezi. Nirudi."

"Ukirudi utakuwa umemsimamisha bure," nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

Tulifika juu mchana. Jiwe la mpaka lilikuwa mbele yetu, lakini hakuvuka. Aliketi chini akiitazama barabara, nami nikaketi naye. Jua likapinda. Barabara ilikuwa tupu. Kule chini, ndani ya ukumbi ule, watu wazima wenye elimu zao walikuwa bado wamefumba macho, na mwanamke mmoja aliyekuwa akifumba macho mbele ya kiti kitupu alikuwa amewashikilia wote kwa mgongo wake. Makame aliniambia kwamba akiwa mtoto alikuwa akilala shavu likiwa pale, kati ya mabega, na kwamba mpaka leo anajua joto lake.

Alasiri, upande wa ukumbi, vumbi la gari likaonekana barabarani.

Makame alilitazama mpaka akawa na hakika kwamba linatujia, kwamba kule chini macho yamefumbuliwa. Kisha akainuka, akaipa Usoni mgongo, akavuka.